Siri Zilizokwisha Kuchapishwa

Wengi huamini kwamba mwandishi wa uchunguzi wa siasa huishi kwa siri anazonong'onezwa na wakubwa. Kazi ya I. F. Stone wa Marekani inaonyesha vingine. Tangu alipoanzisha jarida lake dogo mjini Washington mwaka 1953 hadi alipolifunga 1971, tegemeo lake kuu lilikuwa nyaraka za serikali zilizo wazi kwa yeyote. Mwaka 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi huko Nevada. Tume ya Nishati ya Atomiki baadaye ikadai mtikisiko haukunaswa kupita maili 200, dai lililowafaa sana waliopinga mkataba wa kusitisha majaribio ya nyuklia, kwani jaribio lisilonaswa kwa mbali haliwezi kuthibitishwa. Stone alikuwa ametunza vipande vya magazeti vilivyotaja kuwa mtikisiko huo ulinaswa ng'ambo. Akaiuliza ofisi ya serikali inayopima matetemeko, akaelezwa kuwa hata Alaska, zaidi ya maili 2,000, mtambo uliunasa. Tume ikalazimika kujisahihisha.

Atasema mtu kwamba nyaraka huandikwa na hao hao wanaoficha, na kwamba kashfa ya Watergate, huko huko Marekani, ilifichuka kwa msaada wa mtu wa ndani. Ni kweli. Lakini mtu wa ndani naye ana masilahi yake, na mwandishi asiyesoma hana cha kumpimia. Ndiyo maana inaumiza kuona ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), mamia ya kurasa zilizo wazi kwa yeyote, ikimalizwa na magazeti yetu kwa siku chache za vichwa vikubwa. Mhariri ampe mwandishi mmoja miezi mitatu na ripoti hiyo tu, aifuate jedwali kwa jedwali hadi kwenye halmashauri iliyotajwa.