Barua kwa Ndugu wa Kamanga: Tusiyatamani Makombora

Ndugu zangu wapenzi,

Habari iliyonifikia, ya vijana wetu kukaa vijiweni pale Kamanga, karibu na Mwanza, wakiyashangilia makombora ya Mashariki ya Kati na kutamani serikali yetu nayo inunue mitambo ya kuyarushia ili majirani watuogope, imenighadhibisha.

Je, mmekwisha kusahau Machi 1979, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilipokusudia kuupiga mji wa Mwanza, mabomu yakakosa shabaha na kukiangukia kisiwa cha Saanane, wakafa wanyama badala yenu? Na mtambo wetu wenyewe wa BM-21, wenye midomo 40, ambao Waganda waliuita Saba Saba, ulifika kilomita zipatazo 20 tu, wala haukumzuia Amin asiivamie Kagera mwaka 1978. Aliyemtoa Kampala ni askari wa miguu.

Huku Ujerumani niliko, kijiji cha Mutlangen kilipokaribia kuletewa makombora ya Pershing II mwaka 1983, raia waliketi njiani mbele ya lango la kambi, hata mwandishi Heinrich Böll akiwamo, kwani walifahamu kwamba kombora la namna hiyo huwasili kwa dakika chache, mtawala asipate wasaa wa kushauriana, na kwamba penye mtambo ndipo adui aanzapo kupiga. Mkataba wa 1987 wa Marekani na Urusi ya Kisovieti ukaiharamisha mitambo ya nchi kavu ya makombora yafikayo kilomita 500 hadi 5,500. Ulipokufa mwaka 2019, hofu ikarejea.

Sasa tazameni ramani: Kampala, Kigali na Nairobi, zote zi chini ya kilomita 500 kutoka Mwanza, umbali ambao mkataba ule haukuugusa. Basi rai yangu ni moja: Jumuiya ya Afrika Mashariki ifunge itifaki ya kuiharamisha mitambo ya makombora yawezayo kufika umbali huo kabla mashindano hayajaanza, kama Afrika ilivyozikataa silaha za nyuklia kwa Mkataba wa Pelindaba mwaka 1996, na wakaguzi wa kila nchi waruhusiwe kuingia kambi za nchi nyingine.

Mtasema ni rahisi kunena kwa aliyeondoka, akawaachia ninyi kuwauguza wazee. Ni kweli, nalo laniuma. Lakini mapenzi yangu kwenu hayaniruhusu kunyamaza. Waandikieni wawakilishi wetu katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, waiwasilishe hoja hii, wala msingoje mtambo wa kwanza ununuliwe.