Mchanga wa jangwa wafaa migodini, ila usalama utangulie

HUENDA ikawa ajabu kwa wakazi wa jangwani kulalamikia uhaba wa mchanga. Hata hivyo, hilo ndilo tatizo la migodi ya makaa ya mawe ya Mongolia ya Ndani na Xinjiang nchini Uchina. Vilima vya mchanga vimetanda karibu nayo, lakini mchanga unaofaa kutengenezea zege la kuimarisha mahandaki ni adimu.

Chembe za mchanga wa jangwa zimesuguliwa na upepo hadi zikawa ndogo, laini na za mviringo. Hazishikani vyema kama zile za mtoni zilizo na pembe. Isitoshe, udogo wake hulazimu zege kuongezwa maji na saruji, na maji yakizidi zege hudhoofika.

Msukumo wa kuutafutia matumizi unaeleweka. Mwaka 2022, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilisema ulimwengu hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Wakenya nao wanajua gharama ya kukomba mito. Kaunti ya Makueni ililazimika kutunga sheria ya kudhibiti uvunaji wa mchanga mwaka 2015.

Kwa sababu hiyo, watafiti wanajaribu kuweka mchanga wa jangwa mahali pa sehemu tu ya ule wa mtoni, pamoja na majivu ya makaa kutoka mitambo ya umeme na nyuzi za chuma au plastiki.

Nyuzi hizo zina kazi muhimu. Zege huhimili kukandamizwa, lakini hupasuka upesi likivutwa. Ufa unapoanza, nyuzi huushikilia pande zote mbili, hivyo ukuta wa handaki hupinda na kutoa ishara kabla ya kuporomoka. Aidha, zege lenye nyuzi hunyunyiziwa ukutani kwa mashine. Wafanyakazi hupunguziwa hatari ya kusimama chini ya mwamba usioimarishwa wakifunga wavu wa vyuma.

Hilo si jambo dogo. Miamba mingi ya maeneo hayo ni dhaifu na hulegea inapolowa. Mwaka 2002, ajali za kila aina katika migodi ya makaa ya Uchina ziliua karibu watu 7,000. Idadi hiyo imepungua mno tangu wakati huo, na haifai kupanda tena kwa sababu ya tamaa ya kubana matumizi.

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nyuzi haziwezi kuokoa zege lililochanganywa vibaya. Zege lililofuzu katika maabara laweza kufeli mgodini, ambapo sehemu yake hudunda na kuanguka linaponyunyiziwa, na lililobaki lazima ligande haraka. Vilevile, chumvi iliyomo katika baadhi ya mchanga wa jangwa yaweza kuozesha nyuzi za chuma.

Kwa hivyo, kipimo cha ufanisi kisiwe bei ya lori la mchanga. Kila mgodi unapaswa kupima mchanga wake, kisha kujaribu zege hilo katika handaki lisilo na watu kabla ya kumtuma mchimbaji kulitegemea. Faida ya mchanga wa bei nafuu humwendea mwenye mgodi, ilhali ukuta ukibomoka, anayefukiwa ni mfanyakazi.