BEI HAITAMBULIKI KWA WIKI MOJA

Wakulima wenzangu wa Ekerenyo na wa skimu za Borabu, kila bei ya zao ikipanda wiki mbili, watu huja ofisini kwetu kuuliza miche. Ikishuka wiki mbili, wengine hunoa mapanga wakang'oe. Kwa maoni yangu, desturi zote mbili ni za hasara.

Mtu apandaye kilima cha Manga hukutana na vibonde njiani, lakini kila kibonde kiko juu kuliko kile alichokiacha nyuma. Bei nayo ni vivyo hivyo. Tuseme gorogoro ya mahindi ni shilingi 100, kisha 120, 110, 135, 125, 150. Imeshuka mara mbili, lakini vilele vinapanda, na mabonde yanapanda. Hiyo ni bei inayopanda. Sasa tuseme 150, 125, 140, 110, 125, 95. Imeinuka mara mbili, lakini kila kilele ni kifupi kuliko cha kwanza. Hiyo ni bei inayoanguka, na anayeficha mahindi akingoja 150 hujidanganya.

Basi kila mkulima awe na daftari, aandike bei kila siku ya soko. Lakini angalieni: mahindi hushuka kila wakati wa mavuno. Kwa hiyo linganisheni mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka uliopita, wala si na mwezi wa njaa.

Daftari hilo litakusaidia kuamua kuuza leo au kungoja. Kupanda au kung'oa mti ni shauri lingine. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa huko New York, iliyokuwa chini ya dola 1 kwa ratili, ilipita dola 3 mwezi wa Aprili 1977. Mwisho wa mwaka 1978 haikufika hata nusu ya kilele kile. Mbuni hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Aliyepanda mwaka 1977 kwa kuvutwa na bei alivuna baada ya sherehe kwisha.

Kinyume chake pia kilitokea. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana mauzo ya kahawa yalivunjika, na mwaka 2001 bei ilifika chini ya senti 50 kwa ratili. Wakulima wengi nchini waliacha mibuni imezwe na magugu. Mwezi wa Februari 2025 ratili hiyo ilipita dola 4. Aliyekuwa ameng'oa hakuwa na cha kupeleka kiwandani.

Watu wengine watasema kwamba mtoto hawezi kulipiwa karo kwa kungoja. Ni kweli. Ndiyo sababu yafaa shamba liwe na chai, ndizi na ng'ombe pamoja na kahawa, ili zao moja likianguka jingine lilipe karo. Wala msikope kwa kuhesabu bei ya kilele, maana deni halishuki pamoja na bei.

Daftari na penseli si ghali. Anzeni siku ya soko ijayo, na wafundisheni watoto kuandika, maana shamba ni lao pia.