Nani Anaisoma Njia ya Kilosa?

Kila ajali inapotokea kwenye barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, awe amekufa abiria au mnyama, hukumu inayotolewa mitandaoni ni ileile: madereva wetu wanaendesha kana kwamba wako kwenye mbio za magari. Kauli hiyo inawaonea waendesha mbio. Laiti madereva wetu, na zaidi yao viongozi wetu, wangekuwa na nusu ya nidhamu ya mtu anayejiandaa kwa mashindano hayo, tungezika watu wachache zaidi.

Tuangalie afanyavyo mwendesha mbio kabla bendera haijashushwa. Siku chache kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani wake huipita njia yote kwa mwendo mdogo. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia, kanuni huwaruhusu kupita kila kipande mara mbili tu. Mara ya kwanza dereva hutamka kila akionacho: kona na ukali wake, umbali hadi kona ifuatayo, jiwe lililojificha, mahali maji yanapokatiza. Msoma ramani huandika yote kwa alama za mkato. Mara ya pili msoma ramani husoma kwa sauti, dereva naye husahihisha. Kisha mafundi hulirekebisha gari kulingana na hali ya njia, na gari hujaribiwa kwenye kipande kifupi ili kasoro ijitokeze mapema, wakati bado inatibika. Kwa hiyo siku ya mbio, dereva anapokivuka kilima asichoona nyuma yake kuna nini, anaitegemea sentensi moja iliyoandikwa siku kadhaa kabla. Kasi tunayoishangilia ni matunda ya kazi ya polepole ambayo hakuna aliyeipigia makofi.

Afrika Mashariki tunalijua hili kuliko wengi. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa karibu miongo miwili timu kutoka Ulaya zilikuja na fedha na magari ya viwandani, zikashindwa na wakazi wa huku, hadi Hannu Mikkola wa Finland alipoibuka mshindi mwaka 1972. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Wenyeji waliijua mvua ya huku, wakaujua udongo mweusi unaonata, wakajua jinsi mto unavyoweza kujaa usiku mmoja. Wageni walianza kushinda baada ya kukubali kuja mapema na kuisoma njia.

Sasa tuje Kilosa, ambako mto unaojaa ghafla si hadithi ya mashindano. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu walipoteza makazi na wengi wakaishi kwenye mahema, huku Reli ya Kati ikiharibiwa vibaya. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila: nyumba zilisombwa na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Mafuriko katika bonde hilo yalikuwepo kabla ya miaka hiyo, na yamekuwepo baadaye. Bwawa la Kidete, linalotarajiwa kuyapunguza kasi maji ya Mkondoa kabla hayajaufikia mji, limekuwa wimbo wa ahadi kwa miaka mingi. Hii ni njia tuliyokwisha kuipita mara nyingi. Kila kona yake inajulikana. Dereva anayepinduka mara ya tatu kwenye kona ileile hawezi kusema ameshtukizwa.

Wapo watakaosema mafuriko ni kazi ya Mungu. Mvua ni ya Mungu. Tuta lililoachwa likamomonyoka ni letu. Kiwanja kilichogawiwa katika mkondo wa maji kina muhuri wa ofisi, na misitu ya milimani inakatwa kwa mapanga yanayoshikwa na binadamu. Wengine watasema bajeti haitoshi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama tusingeona fedha zikipatikana baada ya maafa: kwa mahema, kwa unga na maharage, kwa mafuta ya misafara ya viongozi wanaokuja kutoa pole, na kwa kuijenga upya reli ileile. Aliyekataa kuziba ufa hulipa ukuta, na sisi tumekuwa tukilipa kuta mfululizo.

Wala tusiambiwe kwamba dola haina uwezo wa kujiandaa. Reli ya kisasa, iliyofikishiwa abiria Dodoma mwaka 2024, inapita katika milima hiyohiyo ya Kilosa. Kabla ya kuijenga, wahandisi waliipima ardhi, wakachimba mahandaki na kuinua matuta. Treni ilisomewa njia. Ninachouliza ni kwa nini mkulima anayeishi chini ya tuta hilo asisomewe njia naye.

Kiini cha tatizo ni namna tunavyomtendea msoma ramani. Katika gari la mashindano, asiyeshika usukani ndiye anayesema kilicho mbele, na dereva anayempuuza huishia korongoni. Kilosa ina wasoma ramani wengi: wazee wanaojua mto ulikopita zamani, wenyeviti wa vitongoji, wafugaji na wakulima wa kandokando ya Mkondoa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Kwa maneno mengine, kiti cha msoma ramani kipo. Lakini mara nyingi kamati hizi huonekana maji yakiwa yameshaingia ndani, zikiorodhesha kaya zilizoathirika. Huko ni kuandika daftari la njia baada ya gari kupinduka.

Yapo mambo manne ambayo mwananchi anaweza kuyadai bila kusubiri mfadhili. Kila mwaka kabla ya mvua, halmashauri ipite kingo zote za mto kwa miguu pamoja na kamati za vijiji. Ilichokiona kibandikwe kwenye ofisi za kata, kwa Kiswahili, kikiwa na jina la ofisi inayowajibika na tarehe ya kukamilisha. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ujadiliwe katika mikutano ya vijiji, usiishie redioni. Na kabla ya msimu, watu wajaribu kuhama kwa mazoezi, ili usiku wa maji mama mwenye watoto watatu ajue anakimbilia wapi.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, huenda ripoti ya tuta lako iko mezani. Mwanafunzi, huenda kijiji chako kina kamati ambayo hujawahi kuuliza inakutana lini. Ulizeni sasa, wakati vumbi bado linatimka. Mvua zikishaanza, bendera imeshashushwa.