Tusilitoboe Gitaa la Shule

Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu cha muziki lilitolewa shauri kwamba gitaa la shule litobolewe tundu ubavuni. Shauri hilo litapigiwa kura muhula ujao. Mimi ni mmoja wa wasioliafiki, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu, maana jambo lenyewe si dogo: gitaa tunalo moja tu, na wanaolingojea zamu ni wengi.

Kwanza yafaa wazazi, na wenzetu wasiopiga gitaa, wafahamu shauri hili ni nini. Gitaa lina tundu kubwa la mviringo usoni, chini ya nyuzi. Sauti nyingi hutoka kuelekea mbele, waliko wasikilizaji. Yeye mpigaji, aliye nyuma ya tundu, hupata masalio. Basi mafundi wengine hutoboa tundu la pili, dogo, katika ubavu wa juu unaoelekea uso wa mpigaji, ili naye apate fungu lake. Robert Ruck, fundi wa Marekani, alijulikana sana kwa magitaa ya namna hiyo. Kwa hiyo wenzangu hawakuzua jambo la kipuuzi.

Tena wanayo hoja ya pili. Mwaka 1862 fundi wa Hispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa ambalo uso wake ulikuwa wa ubao, bali mbavu na mgongo vilikuwa vya karatasi ngumu. Alitaka kuonyesha ya kuwa ubao wa uso ndio wenye kazi kubwa ya kutoa sauti. Wenzangu husema: ikiwa gitaa laweza kuwa na mbavu za karatasi, kitundu kimoja kitalidhuru nini?

Jibu ninalo. Mbavu za Torres zilikuwa za karatasi, lakini zilikuwa nzima. Puliza mdomo wa chupa tupu, nawe utasikia hewa iliyomo ikilia sauti moja. Hewa iliyomo gitaani nayo ina sauti yake, yapata mitikisiko 100 kwa sekunde, na ndiyo inayozisaidia sauti nene. Uzi mnene kuliko zote hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Ukiongeza tundu, sauti ya ile hewa hupanda, ikazidi kuwa mbali na uzi huo, na msaada wake hupungua. Tundu likiwa dogo badiliko huwa dogo. Likipanuliwa, besi hufifia.

Na jibu langu jingine sikulisoma kitabuni. Likizo iliyopita nililitoboa gitaa la kaka yangu. Sikumwomba ruhusa, nilijiambia kwamba akilisikia atafurahi. Nilitumia keekee, kisha tupa, mpaka tundu likawa na upana wa sentimita tatu. Nilipopiga, nakiri, nilifurahi mno. Kila uzi niliusikia waziwazi, hata makosa yangu. Nikamwita dada yangu, akaketi hatua kumi mbele yangu, amenipa mgongo. Nikapiga wimbo mmoja mara nyingi, mara tundu li wazi, mara nimeliziba kwa kipande cha karatasi ngumu. Kila nilipomwuliza kama li wazi au limezibwa, alibahatisha tu. Ndipo nilipofahamu kwamba tundu lile lilikuwa kwa faida ya masikio yangu peke yangu.

Lakini hasara haikuwa yangu peke yangu. Ubavu wa gitaa ni ubao wenye unene wa milimita mbili hivi, uliopindwa kwa joto. Fundi ajuaye kazi hubandika kwanza kipande cha ubao kwa ndani ili kuutia nguvu, kisha ndipo atoboe. Mimi sikulijua hilo. Baada ya siku chache ufa ulianza tunduni, ukafuata mistari ya ubao hata karibu na kiuno cha gitaa. Kaka yangu aliporudi hakunigombeza. Alilitazama, akaliweka juu ya kabati, akaenda zake. Ingekuwa afadhali kama angenigombeza. Sasa gitaa liko kwa seremala, nami nalipa gharama kidogo kidogo.

Je, anayetaka kujisikia vizuri afanye nini? Aketi kuuelekea ukuta, hatua moja mbele yake, apige. Sauti itaugonga ukuta na kumrudia usoni. Nimejaribu darasani jioni, na naweza kusema faida yake yakaribiana na ile ya tundu. Ukuta tunao, hauna gharama, na ukimaliza waweza kuondoka ukauacha ulivyokuwa.

Simkatazi mwenye gitaa lake mwenyewe. Atafute fundi, autie ubavu nguvu kwa ndani, aanze na tundu jembamba, asikilize kabla ya kulipanua, tena achonge kizibo chake. Akiharibu, ameharibu mali yake.

Gitaa la shule si letu. Tulilikuta, nasi tutaliacha. Wale watakaoingia Kidato cha Kwanza mwakani hawana kura katika mkutano wetu, wala hatujui kama watapenda sauti ya namna gani. Maji yakimwagika hayazoleki, na ubao uliokatwa ni vivyo hivyo. Nawasihi wanachama wenzangu, siku ya kura itakapofika, tuwapigie kura hao ambao hawajafika bado.

Mpiga Gitaa,
Kidato cha III B