Darasa la Saba Mishamo: Mwaka wa Mzazi Kukaa Macho

Ifikapo Septemba, Mishamo huwa na kazi mbili zinazogombania mikono ileile. Vitalu vya tumbaku vinataka maji asubuhi na jioni, na mtoto wa darasa la saba anatakiwa kwa siku mbili awe kwenye chumba cha Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Siku hizo mbili karibu kila mzazi humwachia mtoto aende. Ugumu uko kwenye miezi inayotangulia na ile inayofuata, maana humo ndimo mtoto anamopotelea huku nyumba nzima ikiwa shambani.

Uzembe wa wazazi katika miezi hiyo una historia yake, na si haki kumlaumu mtu bila kuitaja. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kuwa makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wakati huo ilikuwa pori la Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi, ambamo Mishamo imo sasa, haukuwapo hadi 2012. Tanzania nayo ilikuwa ndiyo kwanza imetekeleza Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watoto wote waingie shule ya msingi. Shule zikafunguliwa, watoto wakajaa. Lakini sekondari za nchi nzima zilikuwa za kuhesabika, na Mwalimu Nyerere alikwisha kuandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi kijijini, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Basi mtoto wa Mishamo aliyemaliza la saba miaka ya 1980 kwa kawaida alirudi shamba. Mwenzake wa vijiji vya wenyeji alirudi shamba vilevile, ila yeye hakuhitaji kibali cha kusafiri, kama mkimbizi alivyokihitaji ili atoke nje ya makazi. Mtoto yule wa Mishamo ndiye baba wa leo, na pengine babu. Akimwona mwanawe amemaliza la saba, moyoni husema kazi imekwisha.

Haijaisha. Vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kutolewa mwaka 2014 kwa maelfu ya watu wa makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu. Shule za sekondari za kata zimeenea. Ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016. Katika mtihani wa mwaka 2024 walifaulu asilimia 80.87 ya watahiniwa wa nchi nzima, na siku hizi anayefaulu hupangiwa shule. Mlango uliofungwa kwa baba umefunguliwa kwa mtoto. Anayeurudishia sasa, mara nyingi, ni baba mwenyewe.

Basi mzazi aujue mwaka wa la saba ulivyo. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300, na mwenye 121 amefikia daraja C, amefaulu. Kabla ya Septemba huja mitihani ya moko, na shule nyingi huweka kambi ambako watahiniwa husoma hadi usiku huku wazazi wakichangia mahindi na maharage. Maswali mengi ni ya kuchagua, na majibu yake husahihishwa na mashine. Mtoto husiliba kisanduku kwa penseli, akijaze chote. Akibadili mawazo, afute mpaka pawe peupe, la sivyo mashine itaona majibu mawili na alama itakwenda. Penseli mbili na kifutio kizuri havimtoi mtu jasho. Hata hivyo wapo watoto wanaoingia chumba cha mtihani na kipande cha penseli cha kuazima.

Lakini kabla ya penseli kuna jambo la majina, na hapa Mishamo ina mtihani wake wa peke yake. Kwa desturi ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishirikiane jina hata moja. Fomu za Tanzania zinataka jina la mtoto, la baba na la babu. Matokeo yake, kadi ya kliniki ina hili, daftari la shule lina lile, na cheti cha uraia cha baba kimeandikwa kwa tahajia ya tatu. Jina litakalosajiliwa kwa mtihani wa la saba ndilo litakalomfuata mtoto hadi cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa na ombi la mkopo wa chuo. Kurekebisha herufi moja wakati wa usajili ni kazi ya dakika chache mezani kwa mwalimu. Kuirekebisha miaka kumi baadaye ni safari za ofisini, viapo na nauli. Mzazi na aende shuleni na vyeti vyake mkononi, asome jina herufi kwa herufi. Asiyejua kusoma aende na anayejua.

Sasa lije lile ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Viongozi wa elimu wa mikoa mbalimbali wamelalamika kwamba wapo wazazi wanaomwambia mtoto asilibe ovyo ili afeli, apate kuchunga, kulima au kuolewa. Mtoto wa miaka 13 atakataaje neno la baba yake? Anayefanya hivyo huona ameokoa gharama za sare na madaftari. Hahesabu kwamba ameuza miaka minne ya mtoto kwa msimu mmoja wa kupalilia.

Kwa mtoto wa kike hesabu ni kali zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 uliiweka Katavi mbele ya mikoa yote: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wajawazito. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 34. Imeshuka, na wanaostahili shukrani wapewe, ila bado ni msichana mmoja katika kila watatu. Sheria ya Elimu tangu marekebisho ya 2016 inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo kwa uzazi wanaruhusiwa kurudi darasani. Sheria hailali na binti nyumbani, hata hivyo. Wa kuuliza amekwenda wapi ni mama na baba, hasa kati ya Septemba na Januari, wakati mwalimu hana tena daftari la kuita jina lake.

Miezi hiyo minne ndiyo inayosahaulika. Mijini watoto hupelekwa kwenye masomo ya kulipia ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Mishamo hupelekwa kwenye matuta. Kusaidia wazazi si dhambi, na mtoto asiyejua jembe naye ana upungufu wake. Lakini huyu ana lugha ya nyumbani na Kiswahili cha shule, na Januari atafundishwa Fizikia kwa Kiingereza, lugha ambayo watahiniwa wengi wa la saba huifeli. Saa moja kila jioni na kitabu cha Kiingereza cha kuazima haitakausha vitalu.

Fedha nayo ina majira yake. Malipo ya tumbaku huingia katikati ya mwaka, shule hufunguliwa Januari, na katikati hapo kuna harusi, pikipiki na madeni. Ada imeondolewa, sare haijaondolewa. Anayelipwa Julai atenge siku ileile pesa ya sare, viatu na madaftari. Kwa asiyechaguliwa, chuo cha ufundi cha VETA kipo Mpanda, nacho kina gharama zake za kutengewa mapema.

Na kuna msongamano njiani. Mtaala mpya unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba. Madarasa mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza pamoja, Januari 2028. Wazazi wa Mishamo na waanze kuuliza kwenye mikutano ya vijiji, kabla ya mwaka huo kufika: vyumba vya madarasa vya sekondari ya kata ni vingapi, madawati ni mangapi, na nani atafyatua matofali.