Mkuki wa babu kwa bei ya kilo

Wadau, Krismasi nilipanda mlimani kama Mchaga yeyote anayejiheshimu. Mbali na mbege, nilikuwa na shida moja tu: mkuki wa babu. Nafasi yake nilishaitenga ukutani kwangu mjini Moshi, katikati ya kengele ya ng'ombe na bangili za waya wa shaba nilizokusanya kwa wazee.

Mkuki haupo! Shangazi aliwauzia vijana wa vyuma chakavu, kwa kilo, pamoja na sufuria lililotoboka. Nikapandisha sauti. Akanitazama tu. "Baba, miaka yote umelala nyuma ya mlango ule, uliwahi kuuulizia?" Nikakosa jibu. Na mimi ni mwandishi wa habari, kuuliza ndiyo kazi inayonilisha.

Jamani, ule haukuwa chuma tu. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, walifua mikuki hadi Wamasai wakaja kuinunua. Chuma kilitoka Upare, kwa Washana wa Ugweno waliojua kukiyeyusha. Waya wa shaba ulipanda na misafara kutoka pwani. Kipande kimoja cha chuma kina jiografia na historia kuliko vitabu vyetu vya sekondari.

Tunawadai Wajerumani fuvu la Mangi Meli, waliyemnyonga Old Moshi mwaka 1900. Ni haki yetu. Lakini mkuki wa nyumbani kwetu aliuiba nani?

Kuna watakaosema kutundika vitu vya wazee ukutani ni ulimbukeni, vibaki kihambani. Ningekubali kama vingebaki. Vinakwenda kuyeyushwa kuwa nondo. Ila nami sijifichi: kengele ile nilimpa mzee mmoja elfu tano, nikajiona mjanja. Sikumuuliza ilifuliwa na nani, wala ng'ombe gani aliivaa. Leo ni bubu. Tofauti yangu na yule kijana wa mizani ni ipi?

Hoja yangu ni hii. Ukikusanya, lipa bei ya haki, kisha kaa chini na mzee, andika jina la mhunzi, la mwenye mali na kijiji. Kama kwenu hakuna kilichobaki, kawape kazi wahunzi wa Mamba kabla ya kukimbilia mapambo ya kontena.

Na leo jioni mpigie simu shangazi. Muulize nyuma ya mlango kuna nini.

Naomba kuwakilisha.